Land Cruiser 70 na chumvi ya Malindi

ZUHURA: Karibuni tena kipindini, hapa Malindi. Mimi Zuhura, na fundi wetu kaka Katana yupo. Leo tunaizungumzia Land Cruiser ya 70. Kaka, gari hii ilianza kuundwa Japani mwaka 1984 na mpaka leo inaundwa. Mbona huku kwetu tunaziona zimeachwa nyuma ya magereji zinaoza?

KATANA: Kwa sababu watu wanatazama injini tu, dada. Injini haina neno. Ile 1HZ iliyoingia mwaka 1990 ni dizeli ya silinda sita mstari mmoja, ujazo wake sisi (cc) 4,164, haina tabo ya kusukuma hewa, na pampu yake ya dizeli haingoji kompyuta. Fundi wa Marafa anaifungua na kuifunga. Hapa pwani gari hufa kuanzia chini, kwenye chasi, ile fremu inayobeba gari.

ZUHURA: Chumvi.

KATANA: Chumvi haswa. Zile nguzo mbili za chasi zina uwazi ndani. Ukipita Gongoni penye mashamba ya chumvi, tope linaingia kwa matundu ya pembeni na kukaa humo. Nje rangi inang'aa, ndani chuma kinaliwa. Mimi huanza kukagua penye mashikio ya springi za nyuma, maana hapo tope hugandia.

ZUHURA: Lakini watu wanaosha magari yao kila jioni.

KATANA: Kwa maji gani? Visima vingi vya karibu na bahari maji yake yana chumvi. Hapo unaongeza, huondoi. Tafuta maji matamu, ingiza mpira kwenye matundu ya chasi, uache mpaka yanayotoka yawe safi. Gari ikauke vizuri juani, ndipo upulize oili ya kuzuia kutu, na uiepushe na breki na busha za mpira. Tena hayo maji ya kisima usiyatie kwenye radieta. Radieta ikiziba injini itachemka, na silinda hedi ya 1HZ, kile kifuniko cha juu ya silinda, ikichemka sana hupasuka.

ZUHURA: Na mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha valvu na pistoni?

KATANA: Kila kilomita 100,000, ubadilishe. Kuna taa ya T-BELT kwenye dashibodi, lakini kama saa ya kilomita imewahi kubadilishwa, usiitegemee. Ukinunua gari ya mkononi na huna karatasi ya fundi, weka mkanda mpya. Ukikatika injini ikizunguka, valvu zinagongwa na pistoni.

ZUHURA: Kuna msikilizaji ameuliza: tairi lake la mbele lina weusi wa mafuta upande wa ndani. Ameambiwa ni breki.

KATANA: Aulize tena. Breki huvuja maji mepesi. Weusi mzito ni mambo ya ile bola ya chuma inayogeuza tairi. Ndani yake mna jointi iliyojazwa grisi. Kati ya bola na difu, zile gia za kwenye ekseli, mna oili sili, pete ya kuzuia oili. Ikichakaa, oili ya difu inaingia kwenye bola, grisi inalegea, inatoka nje. Ukipangusa tu, jointi itasagika. Fungua, osha kila kitu kwa dizeli, tia sili mpya, upakie grisi ya molibdenamu kwa mkono mpaka ishike kila mahali.

ZUHURA: Mwenye gari atajuaje kama beringi nazo zimekwisha?

KATANA: Pandisha jeki, weka na kigingi cha usalama. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, kilicholegea ni beringi za hab, kile kitovu cha tairi. Ukibaki, ni beringi za juu na chini za bola. Jaribio hilo halihitaji mashine, na linakuepusha kulipia kazi isiyo yako.

ZUHURA: Hebu tumalize na wanaotoka Tsavo kupitia geti la Sala, wakivuka malaga, ile mito ya msimu, wakati wa mvua.

KATANA: Difu ikiwa ya moto ukaiingiza majini, hewa ya ndani inasinyaa na maji yanavutwa kupitia kitundu cha kupumulia. Hakikisha mpira wake umepanda juu na haujaziba. Siku ya pili fungua nati ya chini kidogo, uangalie. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage yote.

ZUHURA: Na hab zile za kufunga kwa mkono, za fo-wili, ili tairi za mbele nazo zivute?

KATANA: Msifunge siku ya tope peke yake. Mara kwa mara funga, uendeshe kidogo barabara ya mchanga, oili na grisi zizunguke. Wengi wanakuja kwangu na hab iliyokwama kwa kutu, na ndani ya gari mtu anavuta gia ya fo-wili bila kujua tairi za mbele hazivuti.

ZUHURA: Ulizo la msikilizaji mwingine tutalijibu wiki ijayo, anataka kubadilisha springi za nyuma. Kaka Katana, shukrani.