Gitaa la Kilo 2,500 za Mchele

REHEMA: Haya, tumerudi kwenye kipindi chetu cha gitaa. Kabla ya yote, Beno, waambie watu pilau mliyokula Jumapili ilitoka wapi.

BENO: Dada Rehema, si tuanze na salamu kwanza?

REHEMA: Salamu wamezipata. Pilau.

BENO: (anacheka) Pilau ilitoka kwenye sanduku la gitaa.

REHEMA: Mmesikia wenyewe. Endelea.

BENO: Iko hivi. Binamu yangu yule wa Marekani, mnamjua, nimeshamtaja sana hapa, alikuja likizo. Akapitia kwetu Tabata akiwa njiani kwenda Moshi harusini, akaniachia gitaa lake siku sita. Martin D-28, gitaa la kampuni ya Martin ya Marekani. Jamani, nimekuwa nikiliona kwenye video tangu niko kidato cha pili, leo limelala chini ya kitanda changu. Sasa ndani ya sanduku kuna kidude, kama sifongo ndani ya kikasha cha plastiki. Binamu ananiambia, ukiona sifongo imekauka, ilowanishe, urudishe.

REHEMA: Dar es Salaam. Mwezi huu wa mvua.

BENO: Hapo ndipo na mimi nikashtuka. Maana kabatini kwangu mkanda wa ngozi unaota ukungu, halafu nimwagilie gitaa maji?

REHEMA: Acha niwaeleze wasikilizaji, hili ni jambo la kweli. Kule kwao wakati wa baridi nyumba zinapashwa joto, hewa ya ndani inakauka kabisa. Mbao nayo inakauka, inasinyaa, ubao wa mbele unapasuka. Ndiyo maana ya hiyo sifongo. Kiwandani wanataka unyevu wa hewa uwe kama asilimia 45 mpaka 55. Sisi huku pwani tumezidi hapo karibu mwaka mzima. Kwetu mbao inakunywa maji, inavimba, gitaa linaota tumbo chini ya daraja, pale nyuzi zinapofungiwa, nyuzi zinapanda juu. Ugonjwa mwingine, dawa nyingine.

BENO: Na dawa niliyoijua mimi ilikuwa mchele.

REHEMA: Kwa sababu ya simu.

BENO: Simu ikitumbukia kwenye maji si unaizika kwenye mchele? Nikachukua mchele wa mama wa Kyela, kilo mbili, nikautia kwenye soksi. Soksi mpya za shule, bado zina lebo, naomba hilo lieleweke. Nikazifunga fundo, nikaziweka pale panapokaa kichwa cha gitaa. Jumapili natoka kanisani, nakuta nyumba nzima inanukia bizari na karafuu. Mama alikuwa anafagia chini ya kitanda. Kaona sanduku, kalifungua, kaona soksi. Aliniuliza jambo moja tu: "Nani anaficha mchele ndani ya nyumba yangu?"

REHEMA: (anacheka) Mama, shikamoo yako huko ulipo. Ulifanya vyema. Na mchele wenyewe hauvuti unyevu kiasi hicho, Beno. Afadhali vile vipakiti vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ukivikusanya vingi.

BENO: Ilikuwa pilau tamu.

REHEMA: Ya gitaa. Sasa swali la leo, ambalo tuliahidi wiki iliyopita: gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, la jina kubwa, hizi Martin na wenzake, lina thamani ya pesa yake? Beno, bei.

BENO: Jipya linazidi dola 3,000. Kwa shilingi, weka milioni saba na nusu na kuendelea.

REHEMA: Mchele wa Kyela kilo shilingi ngapi?

BENO: Usianze.

REHEMA: Elfu tatu. Milioni saba na nusu gawa kwa elfu tatu. Kilo 2,500. Magunia 25 ya kilo mia. Gitaa moja, magunia 25.

BENO: Sawa, lakini sikiliza nilichosikia mimi. Usiku wa kwanza, saa tano, watu wamelala. Nimelitoa, nimekaa kitini jikoni maana ndipo kuna sakafu ya saruji na sauti inarudi. Nikagonga uzi wa sita, ule mnene, peke yake, bila kuuminya. Ule uzi haukufa, Rehema. Ulikaa. Nikanyanyuka, nikafunga mlango wa uani, nikarudi kukaa, bado unavuma kifuani kwangu. Langu mimi, unalijua, nikigonga uzi wa sita unasema "dum" halafu kimya. Na siyo ukubwa wa sauti tu. Nikipiga taratibu kabisa, kwa nyama ya kidole, kila uzi nausikia kivyake. Kwenye langu nikipiga taratibu zinakuwa uji.

REHEMA: Uji wa mchele.

BENO: Dada!

REHEMA: Nakusikia. Sibishi kwamba linalia vizuri. Nabisha bei. Umenunua nini kwa zile milioni?

BENO: Nimenunua mbao nzima kila mahali. Mbele sprusi, mgongo na mbavu rozwudi ya India, hakuna plaiwudi. Zamani walitumia rozwudi ya Brazil, wakaiacha mwaka 1969 kwa sababu haikupatikana tena vizuri. Nimenunua watu wanaofanya kazi hii tangu 1833. Mjerumani yule, Martin mwenyewe, alianzia New York, mwaka 1839 akahamia Nazareth, Pennsylvania, mpaka leo wapo hapo. Umbo hili pana ambalo kila gitaa la Kariakoo linaliiga, lilitoka kwao mwaka 1916. Fito za ndani zilizopishana kama herufi X, ni wao.

REHEMA: Na X hiyohiyo imo ndani ya Yamaha FG800, ambayo mbele ni sprusi nzima, na inauzwa dola 200 na ushee. Kilo ngapi hizo?

BENO: Sipigi hesabu.

REHEMA: Laki sita, tuseme. Kilo 200. Magunia mawili. Mengine 23 yamekwenda wapi?

BENO: Kwenye mikono iliyochonga hiyo X! Fito ukiiacha nene, ubao haupumui. Ukiikondesha mno, ubao unazama chini ya nyuzi. Kuna mtu amekaa, ameshika ule ubao, ameupapasa mpaka akajua. Hiyo ndiyo pesa.

REHEMA: Sasa nikupe jaribio. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walitoa matokeo yao. Walikuwa na magitaa sita, fundi mmoja, mbele yote sawasawa. Kilichotofautiana ni mbao za mgongo na mbavu tu. Kuna rozwudi ya Brazil, ghali kuliko zote, kuna ya India, kuna mahogani, mpaka sapele. Wakaita wapigaji 52, wakawavisha miwani ya kuchomelea vyuma, taa zimepunguzwa. Wapige, watoe alama. Beno, alama zilikuwa karibu sawa. Hawakuweza kuzitofautisha.

BENO: Hilo jaribio nalijua, na linanisaidia mimi.

REHEMA: Linakusaidiaje?

BENO: Fundi alikuwa mmoja! Mkono uleule, ubao wa mbele uleule. Ndiyo maana yalilia sawa. Wangeweka moja la fundi na moja la laki mbili kutoka dukani, hata mama yangu na masufuria yake angesikia.

REHEMA: Basi mlipe fundi. Usilipe jina lililoandikwa kichwani.

BENO: Fundi gani hapa Dar anatengeneza gitaa la mbao nzima likatoka hivi? Nitajie.

REHEMA: Usinipeleke huko, maana huko nina uchungu. Mpingo ni ukoo mmoja na rozwudi hizo unazozisifu. Mti wetu wa taifa. Unatoka Kilwa na Lindi, unakwenda kuwa zumari za Ulaya, unachongwa kwenye karakana za watu wengine. Kijana wa Kilwa anaujua kama mti wa vinyago na mkaa. Kwa hiyo ukiniambia nilipe magunia 25 kwa sababu huku hakuna fundi, mimi naona ndiyo sababu fundi hatatokea.

BENO: Hapo nakubali uchungu, sikubali hesabu. Mimi nina maisha mamoja ya kupiga gitaa. Nimsubiri huyo fundi azaliwe?

REHEMA: Usimsubiri. Lete hilo lako nikuwekee sawa. Juzi alikuja kwangu yule binti wa darasa la Jumamosi, wa miaka kumi na moja, vidole vimefungwa plasta vitatu. Gitaa la laki mbili. Nikapima kwenye freti ya kumi na mbili, vile vyuma vya shingoni, uzi wa sita uko milimita nne juu. Nne! Mtoto anaminya waya kama anafunga boma. Nikatoa ule mfupa wa darajani, nikaupaka alama ya penseli, nikausugua kwenye msasa juu ya kioo, taratibu, napima, nasugua. Nikaushusha uzi mpaka milimita mbili na nusu. Nikakaza nondo ya shingoni, ile inayonyoosha shingo, robo mzunguko. Nyuzi mpya. Saa moja na nusu. Wiki hii kaja hana plasta hata moja, na kapiga kordi ya F.

BENO: F yote?

REHEMA: F yote, nyuzi sita. Sasa huyo nimwambie sauti nzuri inaanzia milioni saba?

BENO: Hakuna anayemwambia hivyo.

REHEMA: Ndivyo watu wanavyosikia. Kila siku napata ujumbe: "Dada, nataka kuanza, ninunue la jina gani?" Hajagusa uzi. Mwenda wa Bayeke, yule mpiga gitaa wa Kongo, alipokuwa anarekodiwa Katanga mwaka 1952, kidole gumba na cha shahada, vidole viwili, besi inatembea na wimbo juu yake. Nimesikia watu wakibishana maisha yangu yote vile vidole vilikwenda wapi. Sijasikia mtu akiuliza gitaa lilikuwa la kampuni gani.

BENO: Na mimi nakuuliza: angepewa zuri angekataa?

REHEMA: Asingekataa. Angepiga vilevile.

BENO: Hapana. Hapo ndipo tunapoachana. Asingepiga vilevile, Rehema. Zile siku sita mimi sikupiga vilevile. Nilikuwa nasikia kosa langu. Kuna mahali kwenye wimbo wa kwaya, ule wa Pasaka, miaka mitatu napiga nikidhani niko safi, kumbe kidole cha pete kinagusa uzi wa pili kinauzima. Langu lilikuwa linanifichia. Lile halikunificha. Kwa siku sita nimejifunza kuliko mwaka mzima. Chombo kizuri ni mwalimu, na mwalimu analipwa.

REHEMA: Mwalimu ni mimi. Ningekusikia hilo kosa kwa laki moja.

BENO: Umeshanisikia mara mia, hukuliona.

REHEMA: (kimya) Hukuwahi kunipigia ule wimbo peke yako.

BENO: Nimekupigia.

REHEMA: Ukiwa na kwaya nzima nyuma, Beno.

BENO: Sawa.

REHEMA: Sawa nini?

BENO: Sawa, siwezi kukubali na wewe huwezi. Mimi ningekuwa na hiyo pesa kesho asubuhi ningelinunua, nisione aibu.

REHEMA: Na mimi ningekuwa nayo ningenunua magitaa kumi na mawili ya magunia mawili mawili, nikayaweka sawa yote, darasa la Jumamosi watoto wasishirikiane tena gitaa moja watatu.

BENO: Na gunia moja libaki.

REHEMA: La pilau.

BENO: Ila usiseme halina faida. Gitaa kama lile binamu akitaka kuliuza miaka ishirini ijayo, linauzika.

REHEMA: Kule. Hapa utampelekea nani? Na ile dhamana ya kiwanda ya maisha yote wanayoisifu ni ya mnunuzi wa kwanza. Wewe ukinunua kwa binamu, umenunua gitaa na tumbo lake.

BENO: Halijaota tumbo.

REHEMA: Siku sita, na mchele umeliwa.

BENO: Jamani, mwenye studio ananionyesha vidole vitano.

REHEMA: Dakika tano? Beno, tulikuwa na mambo matatu ya kuwafundisha. Kupima urefu wa nyuzi dukani kabla hujalipa, kuangalia shingo kama imepinda, na uchaguzi wa nyuzi. Hatujagusa hata moja.

BENO: La kwanza umeligusa kwa yule binti.

REHEMA: Sijawaambia wanapimia nini. Rula tu ya shule inatosha, mnaiweka juu ya freti ya kumi na mbili, mnahesabu mpaka chini ya uzi... sasa ananionyesha vitatu.

BENO: Yatakwenda wiki ijayo.

REHEMA: Tulisema hivyo wiki iliyopita.

BENO: Fanya hivi. Binamu anarudi kesho, gitaa bado lipo kwenye gari hapo nje. Nalileta, na langu lipo hapa. Wewe geukia ukutani. Napiga moja, napiga la pili. Uwaambie wasikilizaji lipi ni lipi.

REHEMA: Hata nisisikie, nitajua kwa harufu ya bizari.

BENO: Mchele ulitoka ndani haujapikwa!

REHEMA: Kalilete. Ila unapiga ule wimbo wa Pasaka, peke yako, yote mawili.

BENO: Yote mawili?

REHEMA: Na lako naliweka sawa kwanza.

BENO: Hiyo saa na nusu, Rehema, jamaa anashika swichi ya...