Acheni Pumzi Zisikike
(Mhadhara kwa vijana wa studio, Tanga)

Shikamooni wazee. Wagosi, habari za jioni. Namshukuru mshereheshaji kwa kunitambulisha, ingawa amekwama kwenye jina la mtu ninayekuja kumzungumzia. Simlaumu. Ol' Dirty Bastard si jina la kutafsiri mbele ya wakwe, na wangu wawili nawaona pale safu ya pili. Tumwite ODB, yule rapa wa Marekani, yaishe.

Mnaonijua mnajua ninalolilia kila siku: mnasafisha mno. Kijana anakuja na sauti yake ya Makorora, ina mikwaruzo, ina pumzi, anachana mistari kumi na sita vizuri kabisa. Akishatoka kwenye maiki, prodyuza anaanza kufyeka. Pumzi, kata. Kikohozi, kata. Otochuni, ile programu ya kunyoosha sauti, anawekewa hata asiyeimba! Wimbo ukipigwa redioni, mama yake mzazi anauliza huyo nani. Leo nimeamua nisihubiri, nije na albamu moja tu.

Inaitwa "Return to the 36 Chambers: The Dirty Version". Ilitoka tarehe 28 Machi 1995, chini ya kampuni ya Elektra. Wu-Tang Clan, kundi lake la rap la New York, mnawajua kuliko mimi, huko sirudi. ODB alikuwa wa pili kundini kutoa albamu yake mwenyewe, baada ya Method Man, na biti nyingi alitengenezewa na binamu yake, RZA, kiongozi wa kundi.

Sasa sikilizeni inavyoanza. Anatokea mshereheshaji, anawaandaa watu, kuna msanii anakuja, mpokeeni. Mshereheshaji huyo ni ODB. Anajikaribisha mwenyewe! Mnasubiri achane, hachani. Anapiga soga. Anasimulia mambo yake ya chumbani, mpaka maradhi ya zinaa aliyowahi kuambukizwa, bila aibu wala haraka. Halafu anachukua wimbo laini wa mapenzi, ule unaojulikana kwa sauti ya Roberta Flack, anaugeuza vituko. Karibu dakika tano zinakwenda hivyo. Nipeni jina la studio moja hapa mjini ambayo ingeziacha dakika hizo. Najua mngefanya nini: mngebakiza sekunde nane, mkaweka mlio wa king'ora na jina la prodyuza.

Na nyie wa Tanga ndio mngekuwa wa mwisho kushangaa. Huu ni mji wa vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star, mji uliomlea mwimbaji Shakila kimuziki. Kwenye taarab asilia mwimbaji hakurupuki. Bashraf inapigwa kwanza, haina neno hata moja, watu wanakaa sawa. ODB naye ana bashraf yake, ila ya kwake inamvuruga msikilizaji badala ya kumtuliza. Ikimalizika umeshaingia nyumbani kwa mtu, na utakaa anavyotaka mwenye nyumba. Ndiyo maana wimbo wa pili, "Shimmy Shimmy Ya", unapoingia na kile kinanda kinachogonga noti chache zilezile, humshangai tena akiimba nje ya sauti. Ameshakuzoesha. Mkiiruka ile dibaji mkaanzia pale, mtasema ni mtu asiyejua kuimba. Nimewaona vijana wakifanya hivyo, halafu wananiletea hukumu.

Wa nne, "Brooklyn Zoo". Ubeti mmoja mrefu anaupiga bila kiitikio cha kupumzikia. Mwishoni anashika maneno machache, anayarudia, anayarudia tena, kwa kelele, mpaka unasikia koo linachubuka. Mngemwambia rudia teki, ndugu, umekwaruza. Mkwaruzo ndio wimbo wenyewe!

Kuna mtu pale nyuma anacheka, namjua, ni fundi. Atasema huo ni uzembe uliopewa jina zuri. Haya, sikiliza ngoma iliyo chini. Imekaa palepale tangu mwanzo hadi mwisho, haiyumbi. True Master, prodyuza wa biti hii, amemnyooshea mstari, na ODB anapepesuka juu yake akijua utakuwepo mguu ukishuka. Biti ikiyumba na sauti ikiyumba, hapo mmelewa tu wote wawili.

Wazee nao wana lao: huyu si aliuawa na dawa za kulevya? Ndiyo. Tarehe 13 Novemba 2004, siku mbili kabla hajatimiza miaka 36, na alianguka studio, mahali penu pa kazi. Sijamleta hapa kama mfano wa maisha. Atakayeniambia dawa ndizo zilizompa ile sauti, aniambie kwa nini wako wengi waliotumia dawa na hakuna hata mmoja anayesikika kama yeye.

"Kwetu haitauza." Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, tena likisemwa Tanga! Wagosi wa Kaya, kundi la rap la hapahapa, walikujaje mjini mwanzoni mwa miaka ya 2000? Walikuja na lafudhi yao vilevile, wakawasema wauguzi kwa kinywa cha mtu wa hapa, na nchi nzima ikawasikiliza. Nani aliwanyoosha ulimi? Na ODB aliuza. Albamu ilifika nafasi ya 7 kwenye chati ya Billboard, na tuzo ya Grammy ya albamu bora ya rap ilipotolewa mara ya kwanza, mwaka 1996, alikuwa miongoni mwa walioteuliwa. Hakushinda, walishinda Naughty by Nature.

Naonyeshwa saa. Jalada, basi, kwa ufupi: aliweka kitambulisho cha msaada wa serikali kwa watu maskini, kikiwa na picha yake, nywele zimesimama. Fikirieni msanii wa Tanga aweke kadi ya TASAF kwenye jalada, wakati wenzake wanaazima magari ya kupigia picha. Baadaye alikwenda kuchukua msaada huo kwa limuzini, kamera za MTV zikimfuata, na hapo simtetei, maana kuna mtu foleni ile ilikuwa chakula chake.

Mikataba nilikuwa na karatasi nzima, siisomi. RZA alihakikisha kila mwana-Wu-Tang anaweza kusaini peke yake na kampuni anayoitaka: Method Man kwa Def Jam, Raekwon kwa Loud, GZA kwa Geffen. Wenye makundi humu, nifuateni nje, na mje na mikataba yenu mkononi, msinisimulie kwa mdomo.

Kijana wa spika, weka ule wa nne, sauti juu. Wakwe zangu, chai iko chumba cha pili, tafadhalini.