Simu Yake Iliita Bila Kupokelewa

Ndugu zangu, nimepewa dakika ishirini na mada ya uhuru wa vyombo vya habari. Ibara ya 18 ya Katiba mnaijua, na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 imeshawachosha. Mimi narudi palepale ninaporudi kila mwaka, aya ya mwisho ya habari zenu: "Alipotafutwa, simu yake iliita bila kupokelewa."

Iliita mara ngapi? Saa ngapi? Habari imeandikwa tangu asubuhi, ukurasa unafungwa saa 3 usiku, wewe unapiga saa 2 na nusu. Hapo hukumtafuta mtu, umeitafuta hiyo sentensi!

Chukua mabati ya shule. Hati ya malipo inasema 300, juu ya paa umehesabu 180. Mpigie mhusika asubuhi. Asipopokea, tuma meseji, na isiwe "Mkuu, naomba tuongee." Hiyo hata kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa, wanatuma. Andika: "Mimi ni fulani wa gazeti fulani. Hati inataja mabati 300, yaliyoezekwa ni 180. Mengine 120 yako wapi? Nasubiri jibu mpaka saa 10 jioni." Kisha panda daladala, peleka swali hilohilo kwa barua masjala ya ofisi yake, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Saa zote ziingie kwenye daftari, maana wakili wake atakuuliza miezi sita baadaye, umeshasahau hata rangi ya paa. Na siku nyingine jibu linakuja: 120 yako stoo, fundi anasubiri mbao. Habari imekufa? Imekufa. Afadhali ifie mezani kwako.

Nawasikia pale nyuma: "Ukimshtua, atakimbilia mahakamani kuizuia." Akimbie. Nakala ya hati si unayo? Na msinitajie nusunusu kesi ya Konaté, yule mwandishi wa Burkina Faso. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapahapa Arusha, Desemba 2014, ilisema Burkina Faso ilikosea kumfunga miezi 12 kwa kumkashifu mwendesha mashtaka. Kilichokataliwa ni ukali wa adhabu, kwanza kifungo. Haikusema mkashifu mnavyotaka.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Bahasha za pesa mnazopewa kwenye semina, basi, kwa kifupi: nauli ya mwandishi ilipwe na gazeti, siyo na mwenye semina. Masahihisho yakae ukurasa uleule mliomharibia mtu jina, siyo chini ya tangazo la viwanja vya Usa River. La picha za ajali naliacha, nikilianza hapa hakuna atakayekula.