Deki inakataa FLAC kwenye flashi? Tumtafute anayekataa

Habari zenu watazamaji, karibuni. Hapa mezani nina deki ya Blu-ray, amplifaya, na flashi iliyojaa nyimbo za FLAC, yaani mafaili ya sauti yaliyobanwa bila kupoteza chochote. Tazameni skrini: nachomeka, folda inafunguka, majina ya nyimbo yako pale. Nabonyeza rimoti nipige wimbo wa kwanza, deki inajibu kwamba haiwezi kuusoma. Flashi hiyohiyo nikiichomeka kwenye kompyuta, nyimbo zote zinapiga.

Uwe Arua, Mbale au hapa Kampala, najua unachotaka kufanya sasa: kuifomati flashi. Ngoja kwanza. Wanaoweza kukataa ni watatu: deki, flashi, au faili lenyewe, na kila mmoja ana dawa yake. Ukifomati kabla ya kujua ni yupi, unaweza kufuta nyimbo ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Tuanze na jaribio dogo. Tafuta flashi nyingine, ya gigabaiti 8 au 16, ambayo una hakika ni nzima. Weka mafaili matatu tu, yasiwe ndani ya folda: MP3 moja, WAV moja ya biti 16 na kilohezi 44.1, yaani kiwango cha CD, na FLAC moja kati ya zile zinazokataa. Yape majina mafupi: a.mp3, b.wav, c.flac. Zima deki, chomeka, washa. Deki nyingi zitakuuliza kwanza unataka filamu, picha au muziki. Chagua muziki, maana ukiingia upande wa filamu hutaona wimbo hata mmoja na utadhani flashi imekufa. Na kama deki yako ina matundu mawili ya USB, tumia la mbele. Kwenye baadhi ya deki lile la nyuma lina kazi nyingine.

Sasa soma majibu.

Kama haya matatu yanapiga vizuri, basi deki haina neno na faili halina neno. Mkaidi ni ile flashi yako kubwa. Tutairudia.

Kama a.mp3 inapiga na c.flac haionekani kabisa kwenye orodha, deki haiijui FLAC. Toleo la kwanza kamili la FLAC, kazi ya Josh Coalson, lilitoka mwaka 2001, na deki nyingi za DVD hazikuwekewa uwezo huo hata miaka mingi baadaye. Zilikuja na MP3, WMA na picha, basi. Angalia kwenye tovuti ya kampuni kama kuna toleo jipya la programu ya deki, lakini kwa deki ya DVD ya kawaida usitegemee sana. Kama b.wav ilipiga, bahati yako: geuza FLAC zako ziwe WAV. Sauti haipungui hata chembe, kinachoongezeka ni ukubwa. Kila dakika ya WAV hula megabaiti 10 na kidogo, kwa hiyo Lingala yenye sebene ya kukata na shoka, dakika 12, itapita megabaiti 120. Na kama hata WAV imekataa, choma CD ya muziki ya kawaida. Ndiyo, CD. Diski tupu ya dakika 80 inabeba sauti ileile iliyomo kwenye FLAC ya biti 16 na kilohezi 44.1, na kusoma CD ndiyo kazi deki hiyo iliyozaliwa kuifanya. Watu wanaidharau njia hii, mimi naipenda.

Hali ya tatu ndiyo inayosumbua wengi: c.flac inaonekana kwenye orodha, lakini ukiibonyeza inakataa. Hapa tutakaa kidogo.

Wengi huniambia, “Lakini kwenye VLC, ile programu ya kompyuta ya kupigia muziki na filamu, inapiga!” VLC si shahidi mzuri. Yenyewe haijali faili linaitwaje, inachungulia ndani na kupiga inachokikuta. Deki nyingi hazina ujanja huo. Zinaamini jina, na zikikuta ndani kuna kitu kingine zinagoma.

Basi na sisi tuchungulie. Kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kulifungua kwa Notepad. Faili ni kubwa, litachukua muda, vumilia. Utaona takataka nyingi za herufi. Usiguse kitu na usihifadhi chochote. Tazama herufi nne za mwanzo kabisa. FLAC halali huanza na fLaC: f ndogo, L kubwa, a ndogo, C kubwa. Mnaona hili langu? Halianzi hivyo. Baada ya alama mbili tatu zisizosomeka kuna neno ftyp. Hii ni M4A, aina nyingine ya faili la sauti, ambayo mtu ameibadilisha jina tu.

Ukikuta RIFF, hiyo ni WAV. Ukikuta OggS, ni Ogg, nayo ni aina nyingine ya faili la sauti. Hizo mbili zirudishie majina yake halisi uone kama deki itazikubali. Ukikuta ID3, kuna mambo mawili. Huenda ni MP3 iliyovalishwa jina la FLAC, na hapo kuigeuza hakutarudisha sauti iliyokwisha kutupwa wakati wa kubanwa, iite .mp3 ipige, halafu tafuta nakala halisi. Au huenda ni FLAC ya kweli, ila programu fulani imebandika lebo za MP3 (jina la wimbo, msanii na kadhalika) mbele yake, nazo deki nyingine zinazikataa. Kujua ni ipi, ifungue kwa VLC, bonyeza Ctrl na J, utaandikiwa aina halisi ya sauti.

Na ukikuta mwanzo ni mtupu, nafasi nyeupe tu? Hapo shuku flashi. Zipo flashi zinazouzwa barabarani kwa bei ya kutupa, zimeandikwa gigabaiti 512, na ndani hamna hata 16. Zimechezewa ili zidanganye kompyuta. Unanakili nyimbo, majina yanaonekana, ukubwa unaonekana, lakini kila kilichopita uwezo wake wa kweli hakikuandikwa popote. Dalili yake hii: nyimbo ulizoweka mwanzo zinapiga, za baadaye zote zimekufa. Ipime kwa programu ya bure inayoitwa H2testw. Inajaza flashi hadi mwisho kisha inasoma tena kulinganisha. Hamisha nyimbo zako kwanza, na flashi kubwa iachie usiku kucha. Ikisema imepoteza data, usihangaike kuifomati, itupe.

Turudi kwenye ile dirisha ya VLC, Ctrl na J. Angalia kilohezi na biti. Kama faili linasema kilohezi 192 na biti 24, soma kitabu cha deki yako. Si kila inayopiga FLAC inafika huko. Nyingine zinaipiga ila zinakatakata, hasa flashi ikiwa ya pole.

Dawa ya faili ni hii. Fungua Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, vuta wimbo uingie ndani, nenda kwenye kuhamisha sauti, chagua FLAC, kilohezi 44.1, biti 16. Ikiwa ni M4A, Audacity itakuomba uongeze FFmpeg kwanza, programu ya ziada ya kuisomea. Patauliza pia kiwango cha kubana, kutoka 0 hadi 8. Acha pale pale, kiwango hicho hakigusi sauti, kinagusa ukubwa wa faili tu. Faili jipya linatoka safi, bila zile lebo za ajabu na bila picha ya jalada yenye megabaiti kibao, ambayo nayo huzielemea baadhi ya deki. Nakala ya awali itunze kwenye kompyuta.

Sasa ile flashi kubwa, kwa wale ambao jaribio lao lilipita. Mara nyingi imefomatiwa exFAT au NTFS, na deki inataka FAT32; yote matatu ni mifumo ya kupanga mafaili kwenye flashi. Nakili nyimbo kwenye kompyuta kwanza, ndipo ufomati. Kama flashi imezidi gigabaiti 32, dirisha la kawaida la Windows huenda lisikupe FAT32. Tumia programu ya bure inayoitwa Rufus, chagua isiyo ya kuwashia kompyuta, mpango wa MBR, mfumo wa FAT32. FAT32 haipokei faili moja la gigabaiti 4 au zaidi, lakini wimbo gani unafika huko? Ukitumia hadidiski ya nje na ukasikia inagonga tik, tik, huenda haijapata umeme wa kutosha. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500, na diski inayozunguka huhitaji zaidi wakati wa kuanza. Tumia habu ya USB yenye adapta yake ya umeme.

Mkitiliwa nyimbo dukani, msimwache kijana achomoe flashi ghafla. Mwambieni aitoe kwa utaratibu kwenye kompyuta. Kuchomoa wakati inaandika, au umeme kukatika katikati, huharibu orodha ya mafaili, na deki haina huruma na orodha iliyovurugika.

Wenye Mac, mkiona nyimbo mbili mbili, moja ikianza na nukta na mstari chini, hiyo si wimbo. Futa.

Kuna wale ambao sekunde zinakwenda kwenye skrini lakini spika kimya. Faili linasomeka, tatizo liko kwenye njia ya sauti. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya deki, weka utoaji wa dijitali uwe PCM, yaani sauti isiyobanwa, na kama umeunga amplifaya ya zamani kwa waya wa optiko au koaksio, washa kile kipengele cha kushusha hadi kilohezi 48. Tazameni, nabadilisha hapa... na spika zimeamka.

La mwisho ni mpangilio. Nyimbo zikipigwa ovyo, andika 01, 02, 03 mwanzoni mwa majina. Deki ikiendelea na vurugu, inafuata mfuatano wa kunakiliwa, hivyo futa folda kwenye flashi na uzinakili upya moja moja, ya kwanza ikitangulia.