Kichupa cha Dozi Kumi na Maji ya Mkanda

Assalaam aleikum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa mlangoni ili mtoroke mapema, nawaona.

Nimeambiwa leo kuna mambo mawili: chanjo za watoto, na ukarabati wa mji wetu wa Amu (Lamu), yaani pwani ya mbele, uwanja wa Mkunguni, kabro (matofali ya kutandika njia), taa na gati. Desturi yetu chanjo tunawaachia kina mama, kabro wanazungumza wanaume. Mimi nayaona ni jambo moja. Nimelisema hili mara nyingi na nitalisema mpaka mnichoke.

Ratiba siisomi, imo kwenye kijitabu cha kliniki na kila mama hapa anaijua kuliko mimi. Nataka tuzungumze kichupa.

Chanjo ya surua na rubela mtoto hupewa mara mbili, akiwa na miezi 9 na akiwa na miezi 18. Huja ikiwa unga mkavu, dozi 10 ndani ya kichupa kimoja, na maji yake ya kuchanganyia katika kichupa cha pili. Maji hayo ni ya chanjo ile ile na ya kiwanda kile kile. Ukichukua maji mengine yoyote yaliyo karibu, unaweza kuua. Tena yawe yamepoa sawa na chanjo yenyewe, kwa sababu virusi vilivyomo ni hai, vimedhoofishwa tu, na maji yaliyoshinda kwenye meza ya Amu mchana wa kaskazi huvimaliza kabla havijamfikia mtoto.

Ukishachanganya, saa inahesabu. Zikipita saa 6, au kliniki ikifungwa kabla ya hapo, kilichobaki humwagwa. Hakuna ndani yake dawa ya kuzuia bakteria. Kijidudu kimoja kikiingia na ncha ya sindano, kinazaana humo, na sumu yake imeshaua watoto katika nchi zaidi ya moja. Basi mkimwona muuguzi anamwaga, msiseme anafanya israfu.

Sasa chukueni kijiji chenye watoto 3 waliofika miezi 9. Muuguzi anatazama kichupa: akifungua, dozi 7 zinakwenda. Anatazama daftari la akiba, anaogopa kuulizwa. Anamwambia mama, "Rudi Alhamisi, wakitimia tutafungua." Mama huyo ameshalipa nauli ya boti, ameacha makuti yake hayajasukwa, amengoja juani na mtoto mgongoni. Alhamisi haonekani. Halafu sisi tunakuja kwenye mikutano kama huu tunasema kina mama wa visiwani wanaogopa chanjo! Wanaogopa nini? Alikuja na mtoto wake, tukamrudisha sisi.

Shirika la Afya Duniani limeshalitolea mwongozo: kichupa cha surua kifunguliwe hata akija mtoto mmoja. Zinazomwagwa huhesabiwa mapema wakati wa kuagiza. Najua kuna bwana atasema dozi ni mali ya umma. Kweli, na mtoto je? Mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Ili isienee, watoto 95 katika kila 100 wawe wamekingwa, na dozi ya kwanza ya miezi 9 hukinga kama 85 tu kati ya 100 waliochanjwa. Hao 15 ndio wanaoingojea ya miezi 18, na ya miezi 18 ndiyo tunayoisahau, maana mtoto ameshaanza kukimbia, mama anaona kliniki imekwisha.

Anayetaka kuokoa dozi awakusanye watoto. Mhamasishaji wa afya ya jamii apite nyumba kwa nyumba aandike majina, aite watoto 10 siku moja, kichupa kifunguliwe, kiishe. Kwa hivyo siku lazima iwe ya kweli, na hapa ndipo manahodha wataanza kucheka.

Sanduku la chanjo la kwenda upande wa kisiwa cha Pate linapita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, na Mkanda unataka maji yaliyojaa. Mpangaji aliyekaa mbali na bahari anaandika "kila Jumatano asubuhi". Haya. Saa ya maji kujaa husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Jumatano hii yakijaa saa 1 asubuhi, Jumatano ijayo saa ile ile yamekupwa, mmeketi juu ya mchanga mnatazamana. Jumatano ya tatu yamerudi kujaa. Kwa hivyo hiyo "kila Jumatano" ni Jumatano moja ya kusafiri na moja ya sanduku kungoja kwenye gati huku barafu likiyeyuka. Pangeni kila baada ya wiki 2, siku ile ile, mtakutana na maji yale yale. Na kusi likichafuka, wekeni siku ya akiba. Elimu hii haihitaji mfadhili. Mvuvi yeyote wa Kizingitini atawapa bure.

Barafu lenyewe lina adabu yake. Chanjo zinakaa kati ya nyuzi 2 na 8, na watu wote wanaogopa joto, wanasahau baridi. Penta (chanjo moja ya magonjwa matano), ile ya nimonia na sindano ya polio zikiganda zimeharibika, na kwa macho huenda usione kitu. Pakiti ya barafu ikitoka kwenye friza iachwe nje itoke jasho, mpaka ukiitikisa usikie maji yakicheza ndani. Ndipo uipange kwenye sanduku. Kwa joto, kichupa kina alama: kimraba ndani ya duara. Kimraba kikiwa cheupe kuliko duara, endelea. Vikilingana rangi, weka kando.

Naam, gati. Mnataka gati ya kupigia picha machweo, sawa, lakini ngazi zake zishuke mpaka kwenye maji ya kupwa ya bamvua, yanapokupwa kabisa, ziwe na mahali pa kushika, maana mama mwenye mtoto mkono mmoja na mkoba mkono wa pili haruki kutoka kwenye boti. Na paa. Kivuli cha mita chache kwa sanduku na kwa watu. Hayo mawili yaandikwe kwenye mchoro kabla ya mabenchi.

Kabro nazipenda, na punda watazipenda. Lakini chini ya kabro kuna mtaro, na mtaro uliofunikwa bila mifuniko ya kufungulia hujaa mchanga na mavi ya punda ukaziba msimu wa kwanza wa masika. Mji huu una visima na mashimo ya vyoo ndani ya hatua chache. Chanjo ya rota inapunguza kuhara kukali kwa kirusi cha rota tu, kipindupindu hakiijui. Na polio hutoka kwa njia ya choo. Mwaka 2013 ilirudi Kenya, Garissa, jirani yetu hapo, watu 14 wakapooza. Anayesema mitaro si habari ya chanjo anieleze hilo.

Mwengine ananiambia hatuwezi kuchimba, mji uko kwenye urithi wa dunia tangu 2001. Mbona waya za umeme mumezipitisha? Chimbeni, mrudishie kwa chokaa. Na chumba cha jokofu la chanjo msikipige plasta ya saruji juu ya mawe ya matumbawe: unyevu na chumvi hufungiwa ndani, ukuta unavimba, na waya za umeme ziko humo humo. Hilo lina mambo mengi, naliruka.

Haraka haraka, maswali yenu ya siku zote. Ramadhani? Mtoto wa miezi 9 hafungi, na anayechomwa ni yeye, si mama yake. Kidonda cha BCG (chanjo ya kifua kikuu) mkono wa kushoto, kinachotoka wiki chache baadaye? Ndivyo kinavyotakiwa. Msikiminye, msikipake majivu wala mafuta, kitakauka kiache kovu. Homa baada ya penta ni ya siku moja mbili. Baada ya surua huweza kuja wiki nzima baadaye, pamoja na vipele. Ikizidi, au mtoto akikataa kunyonya, mpelekeni aonwe. Jelatini, ile itokayo kwa wanyama na kutiwa katika baadhi ya chanjo, nilitaka niizungumze na habari ya istihala, yaani kitu kugeuka kikawa kitu kingine, lakini naona mwadhini ameshapanda.

Mwenye mtoto wa miezi 9 au 18 asiondoke baada ya swala. Njooni na vijitabu hapa mbele tuhesabu wako wangapi, na nahodha mmoja abaki atusomee maji.