Shavu Lile Lile: Mhadhara kuhusu Kisanduku cha Majaribio katika Chumba cha Giza

Ndugu zangu, walionisikia kabla ya leo wanajua nitakapoanzia, nami sibadilishi: ukanda wa majaribio, yaani kipande cha karatasi ya picha kinachopigwa mwanga kwa muda tofauti ili kujua sekunde zinazofaa, ukilinganisha sehemu tano tofauti za picha haujatujibu lolote. Ni mara ngapi tumemwona mtu akisogeza kadibodi juu ya karatasi kila baada ya sekunde 5, kisha akitoka na ukanda ambao mstari wa kwanza umeangukia kofia, wa pili paji la uso, wa tatu shavu, wa nne kola na wa tano ukuta wa nyuma? Anauliza ni mstari upi wenye ngozi nzuri, ilhali ngozi imo katika miwili tu!

Kifaa ninachokipigania, kisanduku cha majaribio, kinahitaji kadibodi nene, wembe, rula na utepe mweusi. Kwa ukanda wa karatasi ya picha wa sentimita 15 kwa 3, kata kitako na kifuniko, kila kimoja kiwe na urefu wa sentimita 27, uvipake rangi nyeusi isiyong'aa, na katikati ya kifuniko utoboe dirisha la mraba la sentimita 3. Urefu huo haukuchaguliwa ovyo: ukanda unapovutwa tangu mwanzo hadi mwisho, lazima kila upande wa dirisha uwe na sentimita 12 za giza, la sivyo ncha yake itachungulia nje na kuungua kwa mwanga. Baina ya kitako na kifuniko gundisha reli mbili, na kati yake upite ulimi mrefu wa kadibodi unaobeba ukanda. Kwenye ukingo wa ulimi, sehemu inayobaki nje, kata vipengo vitano kila baada ya sentimita 3, kwa kuwa gizani kidole gumba husoma vizuri kuliko jicho.

Wapo watakaosema kwamba saa ya kielektroniki inamaliza yote haya. Saa huhesabu sekunde. Haiamui mwanga uangukie wapi. Tena, kwa kisanduku hiki, dirisha likikaa pale shavu linapoangukia na ulimi ukivutwa kipengo kimoja kimoja, shavu lile lile hupigwa mwanga mara tano, kila mara kwa mkupuo mmoja, kama picha yenyewe itakavyopigwa, wakati kadibodi inayosogezwa hulimbikiza mwanga vipande vipande, na balbu ya nyuzi huchelewa kidogo kufikia nguvu yake kamili kila inapowashwa.

Kuhusu sekunde zenyewe, zidisha, usijumlishe. Kutoka 5 hadi 10 mwanga umeongezeka maradufu, ilhali kutoka 25 hadi 30 umeongezeka sehemu moja ya tano tu. Basi tumia 8, 11, 16, 22 na 32, kila hatua ikiwa takriban mara 1.4 ya iliyotangulia. Ukanda ukae kwenye dawa ya kusafishia picha, ile inayoitokeza, muda wake wote, wala usiuhukumu ukiwa umelowa, maana picha hukolea kidogo ikikauka. Ya kontrasti, yaani tofauti ya weusi na weupe katika picha, nilikuwa nimeyaandaa, lakini muda umekwisha. Kadibodi na wembe viko mezani. Tuanze na ulimi, kwa sababu ukikwama huo, kisanduku chote kitahama kutoka shavuni.