Kontrola ya Wi-Fi ikizimika, nini kinakufa?

Haya jamani tuanze, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Nimeombwa niongelee kuchagua kontrola ya Wi-Fi, yaani kifaa au programu inayoongoza vifaa vyote vinavyorusha Wi-Fi, kwa ofisi kubwa, hoteli, vyuo, hospitali, na najua wengine hapa mnataka jina la kampuni mkanunue kesho, majina nitayataja lakini kwanza kuna swali moja nataka kila mtu aondoke nalo: kontrola ikizimika saa nne asubuhi watu wako kazini, nini kinakufa?

Muuzaji yeye ataanza na idadi ya akses pointi (AP), vile vifaa vinavyorusha Wi-Fi. Kontrola ya Cisco 9800-L inabeba AP 250 kwa leseni ya kawaida, 9800-40 inabeba 2000, na kweli lazima ujue hizo namba, ila hazikwambii lolote kuhusu siku ya matatizo.

Tuangalie data inapita wapi, hapa ndo penye kazi. Kuna mfumo ambao kila AP inafunga data yote ya watumiaji ndani ya taneli ya CAPWAP, njia maalum kati ya AP na kontrola, na kuipeleka mpaka kwa kontrola, maagizo yanapita mlango (port) wa UDP 5246 na data yenyewe 5247. Makao makuu hii ni nzuri sana, VLAN zote, yaani mitandao midogo uliyoitenga, ziko sehemu moja, feiwol moja, mtu anatembea kutoka ghorofa ya kwanza mpaka ya tano akiwa kwenye simu na IP yake haibadiliki. Sasa chukua mfumo huohuo, kontrola iko Dar, halafu tawi liko Mwanza. Karani wa Mwanza anaprinti karatasi kwenye printa iliyo mezani pembeni yake, ile kazi inasafiri mpaka Dar ndo irudi Mwanza kwenye printa! Na siku faiba ikikatwa njiani hata printa anaikosa, na wala printa haina kosa lolote.

Ndo maana Cisco wana kitu kinaitwa FlexConnect, data inatokea hapohapo kwenye swichi ya tawi na kontrola inabaki na uongozi tu. Lakini angalieni, wengi wakishawasha hiyo wanadhani wamemaliza, kumbe seva ya RADIUS, ile inayothibitisha nani aingie, bado iko Dar, sasa laini ikikata wale waliokwisha kuingia wanaendelea na kazi, ila anayefika saa nne na nusu akafungua laptopu anakataliwa kwa sababu hakuna wa kumthibitisha. Kwahiyo swali la uthibitisho uliulize pekeake, usilichanganye na la data, na kama tawi ni kubwa weka RADIUS ya akiba hukohuko.

Mifumo ya UniFi na Omada iko tofauti, kontrola haipo kabisa kwenye njia ya data, ukiizima AP zinaendelea na mipangilio yake ya mwisho. Unachopoteza ni kubadilisha mipangilio, kuona takwimu, na ule ukurasa wa wageni wa kuingilia kama unaendeshwa na hiyo kontrola. Kwa shule au ofisi ya kawaida mi naona inatosha. Kwa hoteli ambayo kila mgeni anapita kwenye huo ukurasa, hapana, hapo fikiri mara mbili.

Halafu klaudi, yaani kontrola iko kwenye intaneti kwa kampuni, kama Meraki, Mist na wenzao. Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Siku kama ile AP ya klaudi inaendelea kurusha mtandao wa ndani, ila wewe msimamizi unaweza usiione kabisa, na kama watu wanaingia kwa kuthibitishwa na klaudi basi hawaingii. Na leseni jamani. Meraki kwenye mpango wa tarehe moja kwa vifaa vyote, leseni ikiisha unapewa siku 30, baada ya hapo mtandao unasimama. Kwa taasisi ambayo manunuzi yanachukua miezi, ombi la kuhuisha lianze kuzunguka mapema sana, hili naliomba kabisa.

Kwenye kuisimamia nitaenda haraka kidogo. Kontrola isikae kwenye mtandao wa watumiaji na usiifungulie mlango kutoka intaneti. Desemba 2021 tundu la usalama kwenye Log4j, kipande kinachotumiwa ndani ya programu nyingi, liliikuta hata programu ya UniFi ikabidi watu wakimbilie toleo la 6.5.54, na Mei 2025 kontrola za Cisco zinazotumia programu ya IOS XE zikapata tundu la usalama CVE-2025-20188 lenye alama ya hatari 10 kwa 10. Bekapu itunzwe nje ya kontrola, kwa sababu UniFi ikifa bila bekapu na paswedi za AP huna, unapanda ngazi kuziriseti moja moja juu ya dari. Na kwa wenye AP za zamani za Cisco, cheti cha kidijitali cha kiwandani, kinachoitambulisha AP kwa kontrola, kina umri wa miaka 10, kikiisha AP inaweza kugoma kujiunga wakati kifaa ni kizima kabisa, kwahiyo kagua tarehe kabla hujaagiza AP mpya.

Ndiyo kaka, uliza. Anasema yeye tayari ana vifaa vya MikroTik na CAPsMAN, kontrola yao, afanye nini. Chagua Jumamosi jioni, mwambie bosi mapema, chomoa kebo ya kontrola halafu zunguka na simu na laptopu, jaribu kuingia upya, jaribu kuprinti, jaribu mtandao wa wageni, andika kila kilichokufa na kilichobaki. Rudia kwa kuchomoa laini ya intaneti. Hiyo karatasi kaa nayo na bosi, mkubaliane kipi kisife hata saa moja, halafu hayo mliyokubaliana ndo yaingie kwenye zabuni, kabla ya idadi ya AP.